Buibui wa miguu mirefu hana hatia: usimsingizie ugonjwa wako

Alasiri moja bwana mmoja aliingia katika kliniki yangu akiongozwa na mkewe. Jicho lake la kulia lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na paji lote la uso upande huo lilikuwa limejaa malengelenge. Juu ya malengelenge hayo palikuwa na vitu viwili vilivyokauka, dawa ya meno na majivu. Bwana huyu ni fundi cherehani, ana umri wa miaka 36, na kabla ya hapo hakuwa amelala hospitalini hata siku moja.

Nilipomwuliza kilichotokea, mkewe ndiye aliyejibu. "Daktari, ni buibui. Alimkojolea usiku akiwa amelala." Kisha akatoa kiberiti ndani ya mkoba, akakifungua na kukiweka juu ya meza yangu. Ndani yake mlikuwa na buibui mmoja aliyekufa, mwili mwembamba wa rangi ya kijivujivu, na miguu minane mirefu kama nyuzi iliyokunjamana. Walimkuta katika pembe ya dari, juu kidogo ya kitanda.

Uchungu ulianza siku saba kabla ya siku hiyo. Malengelenge yalitokea siku ya tatu. Kwa siku nne walikuwa wakisubiri "mkojo wa buibui" ukauke wenyewe, kwa sababu jirani aliwahakikishia kwamba hauna dawa ya hospitali. Usiku wa kwanza wa malengelenge walifunga madirisha, wakapiga dawa ya wadudu chumba kizima, wakalala humo humo. Mtoto wao wa miaka mitano, ambaye ana pumu, aliamka usiku akipiga miruzi kifuani na ikabidi akimbizwe hospitalini.

Nimeamua kuandika habari hii leo, kwa ruhusa ya wenyewe, kwa sababu karibu kila mwezi huletewa shtaka dhidi ya buibui. Katika miaka yote ambayo nimefanya kazi ya udaktari, ni mara chache mno nimeona shtaka hilo likithibitika. Hasara hutokea tunapomkamata mshtakiwa asiye na makosa huku mhalifu halisi akiendelea na kazi yake mwilini.

MSHTAKIWA NI NANI?

Buibui aliyekuwa katika kiberiti ni wa familia ambayo wanasayansi huiita Pholcidae. Ndiyo familia ya wale buibui wa miguu mirefu myembamba tunaowaona katika pembe za dari, nyuma ya makabati, chini ya ngazi, stoo na vyooni. Familia hii ina spishi karibu 2,000 duniani kote.

Ndani ya familia hiyo kuna jenasi iitwayo Smeringopus. Jina hilo lilitolewa mwaka 1890 na Eugène Simon, Mfaransa aliyekuwa bingwa mkubwa wa elimu ya buibui. Jenasi hii asili yake ni Afrika. Mwaka 2012, Bernhard Huber wa jumba la makumbusho ya wanyama la Alexander Koenig mjini Bonn, Ujerumani, aliipitia upya na kueleza spishi nyingi ambazo hazikuwa zimewahi kupewa majina. Leo spishi zinazojulikana ni zaidi ya 50.

Msomaji atafurahi kujua kwamba baadhi ya majina hayo ni ya kwetu. Kuna Smeringopus chogoria, aliyepewa jina la Chogoria kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Kuna Smeringopus ngangao, anayekumbusha msitu wa Ngangao katika milima ya Taita. Na kuna Smeringopus turkana, ambaye jina lake halihitaji maelezo. Wengi wa ndugu hawa huishi mbali na binadamu, katika misitu, mapango, mashimo ya miti na chini ya mawe. Hutakutana nao kitandani kwako.

Anayejulikana zaidi kwa kuishi na watu ni Smeringopus pallidus. Huyu alielezwa na Mwingereza John Blackwall mwaka 1858, na neno "pallidus" katika Kilatini maana yake ni "aliyepauka". Amesafiri na mizigo ya binadamu kwa meli hadi akaenea katika nchi nyingi za joto duniani. Mwili wake hauzidi sana milimita 8, lakini miguu yake ni mirefu mara kadhaa kuliko mwili. Tumbo lake ni refu kama kipande cha penseli, lina madoa meusi yaliyopangwa jozi jozi mgongoni na mstari mweusi chini.

Nyumbani kwako unaweza pia kuwaona binamu zake. Katika nchi nyingi za joto yupo Crossopriza lyoni, ambaye tumbo lake lina pembe kwa nyuma kana kwamba limekatwa kwa kisu. Katika nchi za baridi anayejulikana zaidi ni Pholcus phalangioides. Wote hawa wana tabia zinazofanana, na kwa daktari wote wana jibu moja: hawadhuru binadamu.

ANAISHIJE?

Ukitaka kumtambua, chukua tochi usiku utazame pembe ya dari. Wavu wake haukupangwa vizuri kama ule wa buibui wa bustani. Ni kama shuka nyepesi iliyojikunja mfano wa kuba, na juu yake nyuzi zilizotatizana ovyo. Yeye huning'inia chini ya shuka hiyo, mgongo ukitazama sakafu. Ukimpulizia au ukigusa wavu, hutikisika kwa kasi hata macho yako yashindwe kumwona sawasawa. Watu wengi huogopa mtikisiko huo wakidhani anajiandaa kuruka. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeogopa, na anajaribu kumpoteza adui asimlenge.

Jike hubeba mayai yake mdomoni. Huyafunga kwa nyuzi chache tu, hata mtu huweza kuyaona yakiwa yameshikana kama tone la shanga, naye huyashika hivyo hadi yaanguliwe. Mama wa namna hii, mwenye mdomo uliojaa watoto, hana nafasi ya kumwuma mtu.

Chakula chake ni wadudu waliojikwaa katika wavu: nzi, nondo wadogo, mbu, na hata buibui wengine. Mdudu akinaswa, buibui huyu hasogei karibu haraka. Humrushia nyuzi kwa miguu ya nyuma akiwa mbali, humfunga kama mtu anayefunga mzigo, na ndipo anapomwuma. Nchini Thailand, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulimwonyesha binamu yake Crossopriza lyoni kuwa mlaji wa mbu wanaoeneza homa ya dengi. Sisi tunaokumbuka milipuko ya homa hiyo mjini Mombasa mwaka 2013 na 2014 hatuna sababu ya kumdharau mnyama anayekula mbu.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba buibui atachukua nafasi ya neti. Anakula anayepita kwake, hafanyi doria ya nyumba nzima. Endelea kulala ndani ya neti iliyotiwa dawa.

JE, ANA SUMU?

Ndiyo, ana sumu, kama walivyo nayo karibu buibui wote. Sumu hiyo ni ya kuulia wadudu. Swali la daktari huwa tofauti: je, sumu hiyo yaweza kumdhuru binadamu?

Kuna uvumi ulioenea duniani kote, nao umefika hadi shuleni kwetu, kwamba buibui huyu wa miguu mirefu ana sumu kali kuliko wote, ila meno yake ni mafupi mno kupenya ngozi. Uvumi huu ni mtamu kusimulia lakini hauna msingi. Meno ya sumu ya Pholcus phalangioides yana urefu wa karibu robo ya milimita. Ngozi ya nje ya mwili wetu, mahali pengi, ni nyembamba kuliko hapo. Kwa hiyo meno yanaweza kupenya. Mwaka 2004 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kilifanya jaribio. Mtangazaji Adam Savage alitia mkono wake ndani ya chombo chenye buibui hao. Aliumwa, akahisi mwasho mdogo wa moto uliopita baada ya muda mfupi, basi.

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa sumu ya mmoja wa familia hii, Physocyclus mexicanus. Waliona kwamba inawaumiza wadudu lakini kwa panya ni dhaifu. Kwa ufupi, uvumi umekosea pande zote mbili: meno yanaweza kupenya, lakini sumu si kali kwetu.

Na mkojo je? Buibui hakojoi kama mbuzi. Uchafu wake hutoka ukiwa mzito, mweupe au wa kijivu, na hukauka upesi. Ndiyo yale madoa madogo unayoyaona sakafuni au ukutani chini ya wavu. Ukianguka juu ya ngozi, unafutwa kwa maji. Hauchomi wala hautoi malengelenge.

BASI NI NINI KILICHONICHOMA?

Hapa ndipo penye somo. Mtu hulala mzima akaamka na kidonda. Hutazama huku na huku akitafuta mkosaji. Virusi havionekani, bakteria hawaonekani, na mdudu aliyempitia usiku ameshaondoka. Anayeonekana ni buibui peke yake, kwa sababu hahami. Amekaa pale pale katika wavu wake, kama mtu aliyekutwa karibu na duka lililovunjwa. Wafuatao ndio wahalifu ninaowapata mara kwa mara.

Mdudu wa mvua. Wakazi wa jiji humwita Nairobi fly, ingawa si nzi bali ni mbawakawa mdogo mwembamba, kichwa cheusi, mwili wa rangi ya machungwa na ncha nyeusi. Jenasi yake ni Paederus. Huongezeka baada ya mvua nyingi na hufuata mwanga wa taa usiku. Wengi wetu tunakumbuka alivyotusumbua mwaka 1998 baada ya mvua za El Niño. Haumi wala hadungi. Sumu imo katika maji ya mwili wake, nawe hujipaka mwenyewe unapomponda juu ya ngozi.

Baada ya saa 12 hadi 48 hivi ngozi huwa nyekundu na kuungua, kisha malengelenge hutokea, mara nyingi kwa mstari unaofuata njia ambayo mkono ulipangusia. Akipondwa penye mkunjo wa kiwiko, kidonda hupiga chapa upande wa pili, nawe unakuwa na vidonda viwili vinavyotazamana. Vidole vyenye sumu hiyo vikigusa jicho, jicho huvimba vibaya. Ukimwona juu ya mwili wako, mpulize aondoke, usimponde. Ukiwa umeshamponda, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi, uoshe na mikono, na ufue nguo na shuka.

Mkanda wa jeshi. Huu ndio uliompata fundi wetu, na ndio ninaotaka msomaji aujue vyema kuliko yote. Mtu aliyeugua tetekuwanga utotoni hapoi kabisa. Virusi vyake hujificha ndani ya mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Kinga ya mwili ikipungua, kwa uzee, kisukari, saratani, dawa fulani au virusi vya Ukimwi, huamka na kusafiri kwa mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kiko ndani zaidi ya nguo.

Dalili zake zina mpango. Uchungu wa kuchoma au kupiga kama umeme hutangulia kwa siku kadhaa kabla ya kitu chochote kuonekana. Kisha malengelenge hutokea kwa mafungu, upande mmoja wa mwili tu, yakifuata njia ya mshipa: ubavuni, mgongoni, shingoni au usoni. Kwa kawaida hayavuki mstari wa katikati ya mwili. Hakuna buibui ajuaye kupima nusu ya mtu kwa usahihi namna hiyo.

Kuna dawa, kama vile asikloviri, ambazo hufanya kazi bora zinapoanzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Ndiyo maana siku nne za dawa ya meno na majivu zina gharama. Malengelenge yakiwa kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, jicho limo hatarini na hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Jambo jingine: maji ya malengelenge hayo yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Yafunike, na mgonjwa ajitenge na watoto wachanga na kina mama wajawazito.

Na kwa mtu wa umri wa chini ya miaka 50 aliyepata mkanda wa jeshi, mimi humwomba kila mara akubali kupimwa virusi vya Ukimwi. Simtuhumu. Nataka tu kujua kwa nini kinga yake imelegea, maana jibu hilo linaweza kuokoa maisha yake.

Jipu na maambukizi ya bakteria. Uvimbe mwekundu, wenye moto, unaouma na kutunga usaha katikati, aghalabu ni kazi ya bakteria walioingia kupitia mkwaruzo mdogo au shina la unywele. Nitakiri kosa langu hapa. Nilipokuwa daktari mwanagenzi, mama mmoja alinijia na uvimbe mguuni, akasema ni buibui. Nikaandika katika kadi yake "kuumwa na buibui", nikampa dawa ya kutuliza mwasho nikamruhusu aende. Sikumwona buibui huyo, wala yeye hakumwona. Baada ya siku tatu alirudi akiwa na homa na mguu umejaa usaha, na tulipompima damu tukakuta ana kisukari ambacho hakukijua. Alipona baada ya kupasuliwa jipu na kulazwa wiki mbili. Tangu siku hiyo siandiki neno buibui katika kadi ya mtu bila ushahidi.

Kunguni, viroboto na upele. Alama ndogo nyingi zinazowasha, zilizopangwa kwa mstari au kwa mafungu, hasa ukiamka asubuhi, kwanza chunguza godoro na mishono yake. Mwasho unaozidi usiku, katikati ya vidole na kiunoni, na watu wengine nyumbani wanajikuna vile vile, huenda ni upele na wote wanahitaji kutibiwa pamoja.

BUIBUI WA KUOGOPWA WAPO?

Wapo wachache, na si haki kuficha hilo. Katika nchi nyingi za joto, yetu ikiwemo, kuna buibui wa jenasi Latrodectus. Mmoja wao, Latrodectus geometricus, ni wa kahawia, ana tumbo la mviringo kama kifungo cha shati, na chini yake kuna alama ya rangi ya machungwa yenye umbo la kipimasaa cha mchanga. Kifuko chake cha mayai ni cha mviringo chenye vinundu kama miiba. Hupenda chini ya viti vya nje, vyungu vya maua, marundo ya mbao na vyoo vya nje. Akibanwa na mwili wa mtu anaweza kuuma.

Akiuma, kwa kawaida mtu huhisi mdungo pale pale, na uchungu huongezeka. Mara nyingi hauendi mbali. Lakini jasho jingi, misuli kukakamaa, maumivu ya tumbo au mapigo ya moyo kwenda mbio ni dalili za kufika hospitalini haraka, hasa kwa mtoto au mzee. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji, weka kitambaa chenye barafu, meza dawa ya maumivu. Usichanje kwa wembe, usifyonze kwa mdomo, usifunge kwa kamba. Ukiweza kumkamata buibui bila kujihatarisha, mlete ndani ya chupa.

Tofauti na yule wa darini ni rahisi: wa darini ni mwembamba na amepauka, miguu kama nyuzi. Huyu wa kuogopwa ana tumbo nene la mviringo na miguu ya wastani.

UTANDO KWENYE KIDONDA

Kuna desturi ya zamani, kwetu na hata Ulaya, ya kubandika utando wa buibui kwenye jeraha ili damu ikome. Ni kweli nyuzi hushika damu igande, kama kitambaa chochote chembamba kingefanya. Shida ni kile kilichomo ndani ya utando wa darini: vumbi, mizoga ya wadudu na uchafu wa miezi mingi. Humo kunaweza kuwa na mbegu za bakteria wa pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli ya mwili mzima na kuua. Kwa kitovu cha mtoto mchanga, utando, majivu au samadi ni hatari kubwa zaidi.

Mtu akikatwa, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Damu ikipungua, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, funika, kisha uulize ni lini mtu huyo alichanjwa pepopunda mara ya mwisho. Mama mjamzito ahakikishe amepata chanjo hiyo kliniki, kwa maana anajikinga yeye na mtoto wake.

JE, NIMPIGE DAWA?

Dawa nyingi za kunyunyizia zinazouzwa madukani zina kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza ulimwengu mzima kulizalisha. Zikitumiwa kwa kufuata maagizo, hatari yake kwa watu ni ndogo. Lakini kupiga chumba kilichofungwa kisha kulala humo ni kosa. Mwenye pumu hubanwa na kifua, mtoto mchanga huvuta mvuke huo usiku kucha, na kilichomwagika juu ya vyombo hulika.

Kwa buibui wa darini dawa haihitajiki kamwe. Tumia fagio refu uliolifunga kitambaa chenye unyevu mara moja kwa wiki, ukianza na pembe za dari kisha nyuma ya makabati. Ziba nyufa. Zima taa za nje zisizo na kazi, kwa sababu taa huita wadudu, na wadudu ndio wanaomwita buibui. Ukikuta nyumba ina buibui wengi mno, jua kwamba ina wadudu wengi mno. Ondoa taka na maji yaliyotuama, nao watapungua wenyewe. Akibaki mmoja nyuma ya kabati la stoo, mimi kwangu namwacha.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Buibui wa miguu mirefu wa darini hana sumu ya kumdhuru binadamu, na uchafu wake hautoi malengelenge.

2. Malengelenge yenye uchungu upande mmoja wa mwili ni mkanda wa jeshi mpaka daktari aseme vingine. Fika hospitalini ndani ya siku tatu. Yakiwa karibu na jicho, fika leo.

3. Mdudu wa mvua mpulize, usimponde. Ukimponda, osha kwa sabuni papo hapo.

4. Jipu lisilopona, au yanayorudi mara kwa mara, pima sukari.

5. Usipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya betri wala utando wa buibui juu ya kidonda. Hata daktari hushindwa kuona kilicho chini yake.

6. Usilale katika chumba kilichopigwa dawa kabla ya kufungua madirisha na hewa kupita.

Nirudi kwa fundi wetu. Siku ile ile nilimpeleka kwa mtaalamu wa macho, akaanzishiwa dawa. Malengelenge yalikauka baada ya wiki tatu, lakini virusi vilikuwa vimeshagusa kioo cha jicho na kuacha kovu. Leo kwa jicho la kulia anaona kama mtu anayetazama kupitia dirisha lenye ukungu, na kutia uzi tunduni humtumia mwanafunzi wake. Laiti angefika siku ya kwanza ya malengelenge, huenda tungeliokoa jicho lile.

Alikubali pia kupimwa, yeye na mkewe. Yeye alikutwa na virusi vya Ukimwi, mkewe hakuwa navyo. Haikuwa siku rahisi kwa nyumba ile, na sitaieleza hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba alianza dawa za kupunguza makali ya virusi mapema, kabla mwili haujadhoofika, na vipimo vya karibuni vinaonyesha virusi vimeshuka hata havionekani kwenye damu. Mkewe bado hana virusi, na mtoto wao ni mzima. Kama tungeendelea kumlaumu buibui, habari hiyo tungeipata tukiwa tumechelewa sana.

Kile kiberiti bado kiko katika mtoto wa meza yangu. Mgonjwa anaponiambia kwamba buibui amemkojolea, humfungulia akione, kisha namwomba aniambie uchungu ulianza siku gani.